Ket Parak kwenye kioo cha simu

Aliyesoma historia katika shule za Kenya halisahau swali hili: taja sababu tano zilizowawezesha Wanandi kuwapinga Waingereza kwa muda mrefu. Tulizikariri kama wimbo. Walikuwa na Orkoiyot, kiongozi aliyewaunganisha. Walikuwa na vijana waliofunzwa vita. Nchi yao ilikuwa ya vilima na misitu. Waliwahi kuwashinda majirani, hivyo walijiamini. Mvua na magonjwa yaliwasumbua wageni. Ukiziandika zote, unapata alama tano, unafunga daftari, unahamia vita vya Maji Maji.

Mimi nilizipata alama hizo, katika darasa lililokuwa mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu kutoka mahali alipouawa Orkoiyot huyo, Koitalel arap Samoei. Hakuna aliyeniambia kwamba mahali hapo pana jina, kwamba kuna njia ya kufika, na kwamba mtu anaweza kusimama pale akatazama chai ilivyofunika vilima. Panaitwa Ket Parak, Nandi Hills. Nilipafahamu nikiwa mtu mzima, na sikupelekwa na mwalimu wala kitabu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha matatu, nikatazama video ya dakika chache kwenye simu: upepo unavuma hadi maneno yanamezwa, mzee mmoja ananyoosha fimbo kuonyesha upande ambao Wazungu walitokea. Nilirudia kuitazama mara tatu kabla hatujafika Kapsabet.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini dakika zile chache zilinifanyia kazi ambayo miaka minne ya sekondari haikuifanya. Nimetazama video nyingi za historia zilizotengenezewa watoto wetu, na nasema bila kuficha kwamba nyingi ni kitabu kilekile kikisomwa kwa sauti huku picha zikisogea na muziki ukipigwa. Mtoto anayelala darasani atalala pia mbele ya video ya namna hiyo. Tofauti inaletwa na mahali, sauti ya mtu, na ushahidi unaowekwa mezani ili mtoto aupime mwenyewe. Hakuna mji ninaoujua wenye hazina ya vitu hivyo vitatu kama Eldoret.

Tukichukue kisa cha Ket Parak, kwa kuwa ndicho kilicho karibu. Mapambano yalianza 1895, mwaka alipouawa mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa West. Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mwishoni mwa 1901 ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo. Wanandi walizikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, na vyuma vya reli wakavifanya silaha. Waingereza walituma vikosi mara kwa mara, lakini vita havikwisha. Ndipo Oktoba 19, 1905, Koitalel akaalikwa kwenye mazungumzo ya amani na ofisa wa jeshi, Richard Meinertzhagen. Koitalel hakurudi nyumbani.

Kilichotokea katika dakika zile kina masimulizi mawili. Wanandi wamesimulia kizazi hadi kizazi kwamba kiongozi wao alipigwa risasi akiwa ametoa mkono kusalimiana. Meinertzhagen alisema yeye ndiye aliyetegewa, na kwamba alijihami. Jeshi lilimchunguza mara tatu, mara tatu likamwondolea lawama, lakini 1906 akaondolewa Afrika Mashariki. Nusu karne baadaye, mwaka 1957, alichapisha shajara yake ya Kenya, na kwa muda mrefu waandishi wa vitabu waliitumia kana kwamba ni shahidi asiye na doa.

Mwalimu mwenye kitabu peke yake huishia hapo. Mwalimu mwenye video nzuri ana kitu kingine cha kuwaonyesha watoto: bundi.

Meinertzhagen alisifika duniani kama mtaalamu wa ndege. Alikusanya maelfu ya ngozi za ndege, kila moja ikiwa na kitambulisho kinachoeleza ilipatikana wapi na lini. Miaka mingi baada ya kifo chake, watafiti wa ndege walianza kuzichunguza ngozi hizo kwa makini. Mmoja wao, Pamela Rasmussen, alishughulikia bundi mdogo wa misitu ya India ambaye alidhaniwa ametoweka. Iligunduliwa kwamba ngozi aliyodai Meinertzhagen kuipata mwenyewe ilikuwa imeibwa kutoka mkusanyo wa mtu mwingine, ikatengenezwa upya, ikapewa kitambulisho cha uongo. Watafiti walipoacha kufuata maneno yake na kwenda kutafuta kwingine, mwaka 1997, walimkuta bundi yule akiwa hai.

Mweleze mtoto wa miaka kumi na miwili kisa hicho, mwonyeshe picha ya bundi, kisha mrudishe Ket Parak na umuulize: sasa tumwamini nani kuhusu Oktoba 19? Darasa litachangamka. Wapo watakaoruka kusema kwamba aliyeiba bundi alidanganya pia kuhusu Koitalel. Mwalimu mzuri atawatuliza: uongo wa ndege hauthibitishi uongo wa vita. Unathibitisha tu kwamba neno la mtu huyu, likiwa peke yake, halitoshi. Basi tutafute nini kingine? Masimulizi ya wazee, ripoti za wanajeshi wenzake, sura ya mahali penyewe. Hapo mtoto amekwisha kuanza kazi ya mwanahistoria bila kuambiwa kwamba ameianza.

Kazi hiyo kwetu ina baba yake. Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyefariki Januari 2025 na aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi hapahapa Eldoret, ndiye aliyewaonyesha wasomi wa dunia kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo halali cha historia. Kitabu chake kuhusu Waluo wa kusini, kilichotoka 1967, kilijengwa juu ya maneno ya wazee aliowafuata vijijini, wakati wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Kwa hiyo mzee wa video yangu ya matatu, aliyenyoosha fimbo, alikuwa sehemu ya somo kama kilivyo kitabu chochote.

Turudi mjini. Mtoto wa Eldoret hupita kila siku juu ya historia asiyoijua. Mto Sosiani anaujua kwa mafuriko na takataka. Jina la mji analiandika juu ya kila karatasi ya mtihani bila kuambiwa kwamba asili yake ni Kimaasai, neno la mto wenye mawe. Bibi yake huenda bado anauita mji Sisibo, na wengi hucheka wakidhani ni lugha ya wazee tu. Sisibo ni 64 kwa Kiingereza, likiwa limepita katika kinywa cha Mkalenjin. Lakini 64 ya nini? Wengine husema ni nambari ya shamba lililotengwa kuwa kituo cha serikali. Wengine husema ni maili 64 kutoka Londiani, penye kituo cha reli. Hili halihitaji profesa. Lete ramani, lete uzi, waache watoto wapime wenyewe Londiani hadi Eldoret, wakijirekodi huku wanabishana. Nimeona video za gharama kubwa zisizofikia nusu ya raha ya ubishi kama huo.

Pia kuna jambo ambalo huwashangaza hata watu wazima. Mwaka 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alilipendekezea shirika la Wazayuni eneo katika uwanda huu wa Uasin Gishu ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa Ulaya Mashariki wapate makao. Jambo hilo lilijadiliwa Basel, Uswisi. Wapelelezi watatu walitumwa, wakatembea katika uwanda mapema 1905, wakarudi na ripoti ya kukatisha tamaa, na kiangazi cha mwaka huohuo mkutano ukalikataa pendekezo. Jina lililobaki katika vitabu ni Mpango wa Uganda, kwa hiyo mtoto wa Eldoret akikutana nalo hajui kwamba Uganda hiyo ni uwanja wa kwao wa mpira. Ziweke tarehe kwenye mstari mmoja: ardhi inazungumziwa Basel, mkutano unaikataa, na miezi michache baadaye Koitalel anauawa vilimani, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Miaka mitatu baadaye, 1908, Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg wanashuka melini Mombasa, wanapanda treni hadi Nakuru, wanafunga ng'ombe kwenye mikokoteni na kupanda uwanda. Mtoto akiziona tarehe hizo zikifuatana kwenye kioo, juu ya picha ya ardhi ileile, hahitaji kuambiwa kwamba ardhi ndiyo kiini cha kisa. Ataona.

Ukirudi nyuma zaidi unakutana na mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, yaliyotapakaa kuanzia huku juu hadi Hyrax Hill kule Nakuru. Kwa muda mrefu watu walidhani yalikuwa nyumba za chini ya ardhi. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo John Sutton, walionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa pembeni. Ukisimama ndani ya shimo lililoota nyasi huoni chochote cha maana. Hapa michoro ya kompyuta ina kazi ya kweli: inyanyue paa la nyumba, iingize ng'ombe zizini jioni, mlango ufungwe dhidi ya wezi wa mifugo.

Ninapozungumzia michoro hiyo, mfano bora haupo mbali. Chao Tayiana Maina, mwanahistoria Mkenya aliyeanzisha African Digital Heritage, alishirikiana na wenzake wa Kenya na Uingereza katika kikundi kinachoitwa Museum of British Colonialism, wakazijenga upya kwa kompyuta kambi ambamo Waingereza waliwafungia watu wakati wa vita vya Mau Mau. Kambi nyingi hazipo tena, na nyingine zimegeuka kuwa shule. Wao walikwenda mahali penyewe, wakapima kuta zilizobaki, wakawasikiliza waliofungwa humo, kisha wakajenga. Mwaka 2023 Chao Tayiana alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Dan David, ambayo ni kubwa kuliko nyingi katika taaluma ya historia. Ninachokipenda katika kazi yake ni utaratibu: mahali kwanza, watu pili, kompyuta mwisho. Wanaotengeneza video kwa pupa hugeuza mpangilio huo, wakaishia na wapiganaji waliochorwa na mashine, wamevaa ngozi zisizovaliwa na kabila lolote la Kenya.

Na kabla ya intaneti alikuwepo Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, aliyesimama mbele ya kamera mwaka 1986 akaisimulia Afrika katika vipindi tisa vya runinga, vilivyoonyeshwa Uingereza na Marekani. Baadaye Zeinab Badawi, mzaliwa wa Sudan, alizunguka bara kwa mfululizo wake wa BBC, akitegemea ile historia kubwa ya Afrika ya UNESCO ambayo Ogot alihariri juzuu yake ya tano. Vipindi vyake viko YouTube, bure. Mwalimu wa sekondari asiyevijua namwomba avitafute wiki hii. Ila vyote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa gredi ya nne wa mitaa ya Huruma au Langas hapa Eldoret anakihitaji kisa kwa Kiswahili, na pale inapowezekana kwa lugha ya nyumbani yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mzee anayesimulia kwa Kinandi huwa mtu mwingine kabisa akilazimishwa kusimulia kwa Kiingereza. Maneno yanapungua, mikono inalala.

Wakati mzuri wa kufanya haya ni gredi ya nne, ambapo mtaala wa umilisi unamtaka mtoto ajifunze kuhusu kaunti yake. Mwalimu ana ruhusa tayari. Vifaa navyo si ndoto. Mpango wa serikali wa kusambaza vishikwambi ulioanza 2016 ulipeleka zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma, na Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na kampuni ya Ureno ya JP SA Couto, kilikuwa mmoja wa watoaji. Sehemu ya vifaa hivyo imekaa kabatini, betri zimechoka. Lakini shule zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 2020, masomo yakahamia redio, runinga na YouTube kupitia taasisi ya mitaala, KICD, tulijifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba video inaweza kumfikia mtoto nyumbani, na kwamba mtoto asiye na simu, umeme au bando huachwa nyuma siku ya kwanza.

Kwa hiyo walimu niwaheshimuo hawaanzi na intaneti darasani. Wanapakua video usiku, mahali penye mtandao, wanaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, na kuipitisha simu hadi simu kwa Bluetooth. Spika ndogo ya kuchaji ina faida kuliko projekta, kwa sababu watoto huvumilia picha ndogo lakini hawavumilii sauti isiyosikika. Dakika sita zinatosha. Halafu kuna kidole cha mwalimu. Video huachwa iende hadi pale Koitalel anapotoka kwenda kukutana na Meinertzhagen, kisha kidole kinaisimamisha. Ungekuwa wewe ni mshauri wake, ungemwambia nini? Somo lote limo katika kimya kinachofuata swali hilo. Video inayochezwa mwanzo hadi mwisho mwalimu akiwa ofisini ni runinga tu.

Nataka kukaa kidogo na jambo gumu. Historia ya Eldoret haikuishia kwa wakoloni. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Waliokufa wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Katika darasa la leo la Eldoret wamo watoto wa pande zote za siku zile, wamekaa dawati moja, na hawajui kwa nini wazazi wao hunyamaza kila Januari. Video za moto ule zipo na ni rahisi kuzipata. Mtoto atazipata mwenyewe, peke yake, zikiwa na maoni ya chuki chini yake. Naamini ni afadhali azione kwa mpango wa mwalimu, akiwa sekondari ya chini au juu yake, na nisingependa aonyeshwe moto. Aonyeshwe mahali palivyo sasa, asikie sauti ya mtu aliyenusurika, amwone jirani aliyemficha jirani. Kabila la mtu yeyote lisitangazwe kuwa ndilo mkosaji. Na mwalimu awe ameitazama yote kabla, na awe tayari kwa mtoto atakayelia, kwa sababu huenda akawepo.

Watakaoshindwa kwenda Kiambaa kwa moyo wanaweza kuanzia Nandi Hills. Mwaka 2006 fimbo tatu za Koitalel zilirudishwa kutoka Uingereza na mtoto wa Meinertzhagen, na jumba la makumbusho lenye jina la Koitalel liko pale. Wanandi wanaamini pia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na wamekidai kwa miaka mingi. Mfalme Charles III alipokuja Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023 alizungumzia huzuni yake juu ya ukatili wa enzi za ukoloni, na wazee wakauliza tena. Mtoto akitazama fimbo kwenye video huuliza swali hilohilo bila kufundishwa: na kichwa?

Kisha kuna Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Mwaka 1923 Wanandi walikuwa wakijiandaa kwa saget ab eito, sherehe ya rika moja kulikabidhi jingine uongozi. Serikali ya kikoloni iliogopa uasi, ikaizuia sherehe na kumkamata Barsirian Oktoba mwaka huo. Aliachiliwa 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Zaidi ya miaka 40 kizuizini. Watoto wetu wanaijua miaka 27 ya Mandela, nami nafurahi kwamba wanaijua. Ya Barsirian niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Alifariki 1974. Aliyekuwa na miaka kumi siku alipoachiliwa amepita sabini leo. Watu kama hao bado wapo Kapsabet, Mosoriot, Nandi Hills, na wengine wamehamia Eldoret kukaa na watoto wao, wakiota jua uani mchana wakati wajukuu wako shule. Mwaka huu nimehudhuria mazishi ya wawili niliokuwa nimepanga kwenda kuwasikiliza.

Shule zinafungwa Agosti. Mjukuu mwenye simu afute kwanza picha asizozihitaji ili apate nafasi, aijaze chaji, amketishe babu au bibi mahali pasipo na upepo na mbali na barabara, aiegemeze simu juu ya vitabu iwe sawa na macho yake. Aanze kwa kutaja tarehe, mahali na jina la mzee. Halafu amuulize alikuwa wapi siku Barsirian aliporudi, na asimkatize.